Wa Zamani na wa Sasa

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
Dar es Salaam
3 Agosti 1975

Babu yangu, mume wangu wa Newala,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Shangazi Paskalina bado anauza nazi na ndimu kando ya soko jipya linalojengwa. Anasema lile paa la miavuli ya zege litakapokamilika, mvua itakuwa inanyesha kwa maskini tu walio nje, yaani yeye.

Babu, wiki nzima iliyopita nilikuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje. Usicheke, soma kwanza.

Mwalimu wetu wa Siasa, Mwalimu Elisaria, aligawa Kidato cha Tatu mafungu mawili. Fungu moja likawa nchi ya Mlimani, jingine nchi ya Bondeni. Mto ulikuwa ile nafasi katikati ya madawati, na juu yake daraja moja. Watu wa Bondeni wamekimbia njaa na bunduki, wamevukia Mlimani. Bondeni inasema Mlimani inawaficha maadui zake. Mlimani imefunga daraja, na majeshi yanatazamana. Tulipewa mpaka Ijumaa. Kengele ya mwisho ikilia bila mkataba, ni vita, na darasa zima linapata sifuri. Na Mwalimu, kila tulipoanza kuelewana, anatuletea kikaratasi: "Redio inasema mlinzi wa daraja amepigwa risasi." Basi hapo utasikia kelele!

Mimi nilikuwa waziri wa Mlimani. Waziri wa Bondeni alikuwa Tarsis, mtoto wa mwenye duka la jumla Mtaa wa Kongo, kwao Rombo. Huyo kijana ni mgumu kama kisiki.

"Ndugu Waziri, fungua daraja kwanza, mengine tutazungumza."

"Ndugu Waziri, ondoa askari kwanza."

"Nikiondoa utafungua?"

"Nikifungua utaondoa?"

Severine akapaza sauti kutoka nyuma: "Oaneni basi yaishe!" Mwalimu akamtoa nje.

Ijumaa, saa ikiwa inatukimbia, nikaona njia. Nikaandika kwa mkono wangu: "Watu wote waliovuka mto watarudi walikotoka kabla ya mvua." Tarsis akasema hatii sahihi mpaka yaongezwe maneno "wa zamani na wa sasa", maana wako waliovuka miaka mingi nyuma na ndio anaowaogopa. Nikaona ni maneno tu, nikampa. Naye akanipa daraja. Kengele ikalia tunapeana mikono, darasa likapiga makofi. Severine, aliyekuwa amerudishwa ndani, akasema, "Wamakonde bwana, hata mkataba wanauchonga!" Mwalimu akasema mkataba wetu ungeweza kusomwa hata New York.

Nikasema lazima Babu ajue, maana wewe ndiye uliyenifundisha kusoma sentensi mpaka kwenye nukta yake.

Barua hii anakuletea Mama Candida, anakuja huko kwenye msiba. Anakuletea pia sanduku jipya la bati alilotengeneza Mzee Awadhi mwenye nyumba wetu. Sanduku nadhani halihitaji maelezo, wewe mwenyewe unajua la nini. Usiliache likae bure.

Mkeo,
Scholastika


Newala
14 Agosti 1975

Mpendwa mjukuu Scholastika,

Marahaba. Barua nimeipokea mkononi mwa Mama Candida, na sanduku limefika bila kubonyea. Mfikishie Mzee Awadhi shukrani zangu. Pembe amezikunja vizuri na kufuli inashika.

Habari za mazungumzo yenu nimezisoma mara mbili. Kupata sahihi ya mtu asiyetaka kutia sahihi si jambo dogo, na wewe umelifanya bila kumtukana. Hongera.

Nina swali moja tu, la mzee aliyezoea kutafuta herufi zilizodondoka. Hao waliovuka mto, ni nani aliyeshika nafasi yao? Umenitajia mawaziri, askari, redio, hata kijana aliyetolewa nje. Wao sikuwaona.

Kuhusu sanduku umesema kweli. Nimeelewa, na halitakaa bure.

Soma kwa bidii, na umsaidie shangazi yako kubeba nazi.

Babu yako,
Benjamini


Newala
14 Agosti 1975

Binti yangu Paskalina,

Barua hii ni yako peke yako. Ukishaisoma, isionekane mezani.

Mwezi wa Juni niliwaandikia kuuliza kama hapo Kariakoo kuna nafasi ya mzee mmoja, kwa kuwa mama yenu ametangulia na nyumba hii imekuwa kubwa kunizidi. Hukunijibu, nami sikukulaumu. Najua chumba cha mjini kilivyo. Tuliishi wanne katika kimoja, hapo hapo Mtaa wa Sikukuu, wakati nikipanga herufi kwenye kiwanda cha chapa kule Posta, na wewe ulikuwa unalala chini ya meza ya kulia chakula.

Sasa nimejibiwa. Unajua desturi ya ukoo wetu: mgeni haambiwi ondoka. Anasukiwa kapu jipya, analikuta mlangoni asubuhi, naye anaaga kama mtu aliyekwisha kuipanga safari mwenyewe. Mama yangu alimsukia mjomba wake kapu la namna hiyo, na alisuka huku analia. Mjukuu wangu hajui kusuka, kwa hiyo amechongesha bati. Na nisije nikakosa kuelewa, ameniletea hadithi ya darasani: wote waliovuka mto, wa zamani na wa sasa, warudi walikotoka kabla ya mvua. Mimi nilivuka Ruvuma mwaka 1947, nikikimbia kulimishwa pamba kwa viboko. Hapa kijijini hakuna wa zamani kunishinda.

Wala si yeye tu. Tangu ng'ambo ya mto walipopata uhuru, kila ninayekutana naye njiani ananiuliza, "Mzee Benjamini, bado upo? Kwenu si kumekucha?" Wanauliza kwa furaha kabisa, kama watu wanaomkumbusha mwenzao sikukuu. Najibu kwamba najitayarisha. Sasa itakuwa kweli.

Mwisho wa Septemba, maji yakiwa chini, nitavuka. Vitabu vitaenea katika sanduku, nimevijaribu. Kaburi la mama yenu nimelikabidhi kwa Katekista Pantaleo, atalipalilia.

Usimwambie mtoto kwamba nimeumia. Amefanya jambo gumu kwa adabu ambayo watu wazima wengi hawana, na ningependa abaki akijua kwamba alieleweka.

Baba yako,
Benjamini


Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
25 Agosti 1975

Babu mpendwa,

Shikamoo. Swali lako limeniletea balaa!

Nilimpelekea Mwalimu Elisaria kama ulivyoliandika: hao waliovuka mto, ni nani aliyeshika nafasi yao? Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema, "Hakuna. Tutarudia mazungumzo. Na kwa kuwa swali ni la babu yako, nafasi hiyo ni yako."

Uwaziri ukaisha hivyo hivyo. Niliwekwa barazani, nje ya mlango, nikaambiwa nisubiri. Severine akajitolea kuwa mume wangu mkimbizi, maana alisema nje amekwisha kuzoea. Tukakaa sakafuni.

"Mke wangu, una njaa?"

"Nina kipindi cha Hesabu."

"Basi afadhali ya njaa."

Tulicheka, kisha tukaacha kucheka. Babu, dirisha lilikuwa wazi na sauti zote zinatufikia. Nilisikia "wao" mara nyingi mno. Wao wapewe mahema. Wao wasipewe mahema, watazoea. Wao wahesabiwe. Euphrasia aliyerithi uwaziri wangu anasema kwa sauti tamu kabisa, "Sisi hatuna ubaya nao." Nikawa nanyoosha shingo kila mlango unapolia, nikidhani naitwa. Ulikuwa upepo. Na lile fungu la maneno nililoliandika mwenyewe, Tarsis alipolisoma tena kule ndani, nililisikia kama ndiyo kwanza naambiwa.

Mwishoni nikaitwa. Mwalimu akaniuliza, "Wewe uliyevuka, unataka nini?" Muda wote nilikuwa nawaza kama nitaulizwa, sikuwaza nikiulizwa nitasema nini. Nikasimama pale kama mlingoti.

Aliyeniokoa ni Tarsis! Akasema, "Tuandike kwamba kila mtu ataulizwa, mmoja mmoja." Euphrasia akasema kuuliza watu mmoja mmoja kutachukua mwaka. Tarsis akasema, "Baba yangu akihesabu mali dukani anahesabu moja moja, sembuse watu." Wakabishana hapo mpaka kengele ikalia, hakuna sahihi. Basi vita. Mwalimu Elisaria ni mtu wa ahadi yake: ametupa sifuri darasa zima. Wenzangu wananinunia mimi, na wewe pia wanakununia. Severine anauliza kama babu yangu ana maswali mengine aanze kutubu mapema.

Lakini nina swali langu. Mbona barua yako haikuniita mke wako? Umepata mwingine huko? Na mbona fupi? Shangazi nikimuuliza habari zako anageuka kupanga ndimu.

Wako,
Scholastika


TELEGRAMU
Posta, Dar es Salaam
29 Agosti 1975

BENJAMINI NEWALA
BABU USIVUKE SANDUKU LA MCHWA BARUA INAKUJA
SCHOLASTIKA


Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
30 Agosti 1975

Baba,

Shikamoo. Ukishaitikia marahaba, kaa kitako unisikilize.

Siri yako nimeivunja. Niliishika wiki nzima. Juzi mtoto alipouliza kwa mara ya tano, "Shangazi, Babu ana nini?" nikampa barua yako aisome mwenyewe. Alisoma amesimama. Halafu akaenda kukaa uani kwenye ndoo iliyopinduliwa, na Mzee Awadhi akaja kuniuliza, "Paskalina, ni nani amekufa?" Nikamwambia hakuna aliyekufa, ni baba yangu anasoma mno. Asubuhi yake mtoto alikimbilia Posta kabla ya shule.

Baba, lile sanduku ni la vitabu! Uliandika wewe mwenyewe mwezi wa Mei kwamba mchwa wamekula kamusi yako mpaka herufi ya M, na ukasema ukipata sanduku la bati utalala usingizi. Mtoto akakumbuka. Aliosha vyombo vya mke wa Mzee Awadhi Jumamosi zote za Juni na Julai ili lile sanduku litengenezwe. Kapu la ukoo halijui kabisa. Ni nani angemwambia? Mimi mwenyewe nilikuwa nimelisahau. Mtu mzima unasoma sanduku kama Injili!

Na ile hadithi ya darasani ni ya darasani. Hata Tarsis yupo kweli. Alikuja juzi kununua ndimu ili amwone Scholastika, akaomba apunguziwe, nikamfukuza.

Sasa kosa langu. Barua yako ya Juni sikuijibu kwa sababu sikutaka kukupa maneno matupu. Chumba cha uani kilikuwa na mpangaji, fundi cherehani wa Songea, naye aliniambia kila mwezi anahama na kila mwezi yupo. Nikasema nitajibu siku nikishika ufunguo. Nilipaswa kuandika, "Baba subiri, natafuta." Kunyamaza kwangu ndiko kulikokusukia kapu.

Fundi amehama jana. Ufunguo ninao, naandika nao uko kwenye kidole. Chumba kina dirisha moja la upande wa kibla, nuru ya kusomea inatosha mpaka jioni. Kitanda ndicho bado, lakini nina muda wa kukitafuta, wewe una mizigo ya kufunga.

Njoo kwetu, Baba. Nasema wazi ili usitafute maana nyingine: njoo.

Mwanao,
Paskalina


Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
30 Agosti 1975

Babu,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nne.

Darasani nilipoulizwa nataka nini nilikosa la kusema. Sasa sijaulizwa na ninasema. Nataka ukae na sisi. Nataka nikitoka shule nikukute. Sikuandika maneno yale kwa ajili yako, na linaloniumiza zaidi ni kwamba nilipoyaandika sikukukumbuka hata kidogo. Wewe ulivuka mto, Babu, nimelijua jambo hilo tangu nikiwa mdogo, umenisimulia. Lakini pale mezani "waliovuka mto" walikuwa maneno ya kupatia daraja. Nimemwambia Mwalimu Elisaria. Hakunituliza. Alisema, "Ndiyo maana tunafanyia mazoezi kwenye madawati."

Nakuomba usinisamehe haraka haraka kwa adabu, kama ulivyoelewa sanduku haraka haraka kwa adabu. Niambie kama bado umekasirika. Na ikiwa kweli unataka kurudi ng'ambo, kwa kutaka kwako, niambie na hilo, nitalia na nitakuja kukusindikiza. Ila usiende kwa sababu yangu.

Mkeo, kama bado unanitaka,
Scholastika


Newala
12 Septemba 1975

Mke wangu Scholastika,

Marahaba, na marahaba ya pili kwa ile niliyokuitikia kwa baridi.

Telegramu ilifika kabla ya barua. Mtu wa posta aliisoma kwa sauti njia nzima akinitafuta, kwa hiyo wa mwisho kujua habari zangu nilikuwa mimi. Sasa hata mwenyekiti wa kijiji hanisalimii, ananiambia tu, "Mzee, usivuke!" Watoto wananifuata wakiimba sanduku la mchwa.

Umeniuliza kama nimekasirika. Sikukasirika. Niliona haya, jambo ambalo ni baya zaidi, maana hasira humwelekea mtu na haya hukuelekea wewe mwenyewe. Nilijiona nimekaa kupita kiasi katika nyumba ya watu. Miaka ishirini na minane, mjukuu wangu, na bado nikiona kitu kipya mlangoni nauliza kama ni kapu. Hilo hukuliweka wewe. Nilivuka nalo kutoka ng'ambo.

Shangazi yako amenitukana vizuri. Mwambie matusi yamepokelewa yote.

Mwalimu Elisaria nampa heshima yangu. Sifuri yenu ilikuwa halali, lakini naiona bora kuliko mkataba wenu wa kwanza. Ule wa kwanza uliisha mapema kwa sababu wenye shida hawakuwamo chumbani. Na Tarsis usimdharau. Kijana aliyeomba neno gumu Ijumaa, kisha akaja kulilegeza mwenyewe mbele ya watu, anafaa kupunguziwa ndimu.

Sasa jambo lenyewe. Nitakuja kukaa nanyi. Mwambie shangazi yako asitafute kitanda kikubwa, mimi ni mfupi kuliko anavyonikumbuka.

Lakini kabla ya hapo nitavuka. Usishtuke, soma mpaka kwenye nukta. Nilipodhani naambiwa niende, nilifunga vitabu bila hata kutazama upande ule. Asubuhi iliyofuata telegramu yako nilikwenda mpaka ukingo wa mlima, mahali ambapo bonde lote linaonekana na mto umelala chini kama uzi, nikatazama ng'ambo. Nikajikuta nataka kujua kama ile njia nyembamba ya kisimani kwa mama yangu bado ipo. Nilikuwa sijataka kitu chochote cha kule kwa miaka mingi. Nimefikiri sana kwa nini imekuwa sasa, na jibu ninaloliona ni hili: mtu anayeondolewa huhama, lakini mtu anayesubiriwa mahali anaweza kwenda matembezi. Mmenipa matembezi.

Nitakwenda na Pantaleo, ana dada yake huko. Nitakaa siku chache. Vitabu nimeviacha humu ndani, vimefungwa, tayari kwa basi la Dar.

Mumeo,
Benjamini


Ng'ambo ya Ruvuma
1 Oktoba 1975

Mke wangu,

Barua hii nitaituma nikifika Newala, lakini nimeona niiandikie huku, ili iwe imetoka huku.

Njia ya kisimani haipo. Kisima kipo, kimezungukwa na mihogo ya watu nisiowajua, nao walinipa maji bila kuniuliza jina. Nilikunywa, nikakaa chini ya ukuta wao, nikawasikiliza wakisemeshana kwa lafudhi ya mama yangu. Binti mmoja aliniuliza natafuta nani. Nikamwambia nimekwisha kumwona. Nilifurahi, Scholastika. Nililia pia, lakini kidogo, na Pantaleo alikuwa na adabu ya kutazama mihogo.

Nikuambie la juzi, tulipokuwa tunashuka kwenye mtumbwi. Pale ukingoni palikuwa na askari kijana, labda ana miaka ishirini, bunduki begani na tabasamu la mtu mwenye nchi mpya. Siku hizi wanaovuka ni wengi na naona amezoea kuwapokea wote kwa neno moja. Alinishika mkono ili nisiteleze kwenye tope, akasema, "Karibu, Mzee. Hatimaye unarudi nyumbani?"

Nikamshukuru. Nikamwambia, "Ndiyo, mwanangu. Jumapili, kwa basi la asubuhi."

Benjamini